Nissan ya Mjomba, Projekta ya Luthuli na Tamasha la Ziwa Turkana

Wiki hii nawapumzisha na mambo ya hifadhidata. Niliahidi kueleza jinsi watu watatu tulivyotoka Mikinduri hadi Loiyangalani kwenye tamasha, tukalala ndani ya gari, tukaonyesha filamu jangwani na kurudi nyumbani tukiwa tumetumia shilingi 35,100 kwa jumla. Haya basi, mwenye chai na aishike, maana leo nitaandika kwa kirefu.

Wazo lenyewe lilianza kwa wivu. Wamarekani wana yale magari ya kulala, nyumba nzima juu ya magurudumu, yenye kitanda, jiko na choo. Mtu anaendesha hadi Palm Springs, mji wa jangwani kule California wenye tamasha la filamu kila Januari, anaegesha, analala bure ndani ya chuma chake, asubuhi anaenda kutazama filamu. Nikajiuliza: sisi tuna jangwa, na liko karibu kuliko Mombasa. Tuna tamasha. Na gari la kulala ni nini kama si matatu iliyotolewa viti?

Tamasha nalolisema ni la utamaduni, si la filamu. Limekuwa likifanyika Loiyangalani, ukingo wa mashariki wa Ziwa Turkana, tangu 2008, na huwakutanisha watu wa jamii kumi na nne za Marsabit: El Molo, Warendille, Wasamburu, Waturkana, Wagabra, Wadassanech na wengineo. Ni ngoma, mavazi, mashindano na vyakula. Sinema haimo. Sinema tuliibeba sisi.

Na msidhani tulikuwa wa kwanza duniani. Katika kambi za wakimbizi wa Sahara Magharibi, huko Algeria, kuna tamasha la filamu liitwalo FiSahara lililoanza 2003. Filamu huonyeshwa usiku kwenye mchanga, na tuzo ya kwanza ni ngamia mweupe. Hapa kwetu Kenya, FilmAid walianza kuonyesha sinema Kakuma 2001, skrini ikiwa imefungwa kwenye lori. Na wazee wa Mikinduri hawahitaji kuambiwa habari za FilmAid wala FiSahara, kwa kuwa wao waliona magari ya sinema zamani, yale yaliyokuwa yakipita sokoni na kipaza sauti yakitangaza "Sinema leo! Sinema leo!" Mjomba anakumbuka alitembea na ndugu zake gizani kwenda na kurudi, akaona filamu ya Wahindi ambayo hakuelewa hata neno moja, na mpaka leo anaweza kukusimulia yote.

Mjomba ndiye mwenye Nissan. (Ni Toyota HiAce, lakini huku kwetu kila matatu ya abiria 14 ni Nissan, msinibishie.) Aliinunua kwa pesa za miraa wakati Uingereza bado inanunua. Kila usiku ilipiga mbio kwenda Nairobi kuwahi ndege. Juni 2014 Uingereza ilipopiga marufuku, ile gari ikawekwa viti ikawa ya abiria. Tulipokuwa tukipanga safari, tayari mtu wa Maua alikuwa ameshalipa arubuni ya shilingi 50,000 ili aichukue mwezi unaofuata. Pesa zote zilikuwa za karo ya binti yake, binamu yangu, mwenye miaka 22, anayesomea uuguzi na ambaye hataki uuguzi. Anataka kutengeneza filamu. Alikuwa ameshatengeneza moja kwa simu, ya dakika 14, kuhusu baba yake na miti yake ya miraa.

Kwa hiyo safari hii ilikuwa na mambo mawili ndani yake, na kila mmoja wetu alilijua lake. Binamu alitaka watu wasiomjua waione filamu yake. Mjomba alitaka, nadhani, aone kama hao watu watakaa mpaka mwisho au watainuka. Mimi nilitaka kujua kama betri itatosha.

Tuanze na betri basi.

Betri ya gari kubwa, volti 12, ampea-saa 100. Zidisha unapata wati-saa 1,200. Lakini betri ya risasi na asidi ukiimaliza yote unaiua, kwa hiyo hesabu nusu tu: 600. Projekta yangu inakula wati 55, laptopu 25, spika 15, na ile kompyuta ndogo ya Raspberry Pi wati 5. Jumla 100. Inveta nayo hupoteza kiasi chake inapobadilisha umeme, weka 118 kwa usalama. Gawa 600 kwa 118, unapata saa tano na dakika chache. Filamu mbili, mazungumzo, na bado unachaji simu za watu. Mchana paneli ya sola ya wati 100 juu ya paa inarudisha karibu yote, kwa sababu kitu kimoja ambacho Loiyangalani haikosi ni jua.

Projekta niliinunua barabara ya Luthuli, Nairobi, mitumba, kwa 9,500. Boksi lilisema ina mwanga wa lumeni 9,000. Ndugu zangu, hizo lumeni za boksi ni kama zile kilo za miraa: kilo ya miraa si kilo, ni vifungu kumi vilivyofungwa pamoja, na kila mtu sokoni anajua. Nilipima kwa macho nikaona picha inakaa vizuri ikiwa na upana wa mita mbili, zaidi ya hapo inakuwa uji. Tukachagua pia usiku usio na mbalamwezi, maana mwezi mpevu unaimeza projekta ya aina hii.

Skrini sasa. Yeyote aliyewahi kufika Loiyangalani atakwambia habari ya upepo. Unashuka usiku kutoka upande wa mlima Kulal na unaweza kuondoka na hema. Shuka la kitandani lililofungwa kwa kamba lisingemaliza dakika tano. Tukachukua mbao nyembamba ya plaiwudi, tukaipaka rangi nyeupe isiyong'aa, tukaifunga kwa bolti ubavuni mwa Nissan juu ya madirisha. Gari likawa kitanda, jiko na ukumbi wa sinema. Mbao za kitanda, plaiwudi na rangi vilitugharimu 5,000. Viti vyote tulivitoa isipokuwa cha mbele, tukaviweka kwa jirani.

Jambo moja la kiufundi kwa wale wanaopiga filamu kwa simu, maana linawatesa wengi. Simu haipigi picha kwa kasi moja. Mwanga ukipungua inapunguza idadi ya picha kwa sekunde, ukiongezeka inaongeza. Ukiiingiza kwenye programu ya kuhariri, sauti inaanza kuachana na midomo kidogo kidogo, na kufikia dakika ya kumi mtu anafunga mdomo halafu ndiyo unamsikia. Dawa yake ni kupitisha faili kwanza kwenye ffmpeg na kuilazimisha iwe na kasi isiyobadilika, picha 25 au 30 kwa sekunde. Ni bure, na laptopu ya zamani inaweza, ukiiacha usiku kucha.

Tuliondoka alfajiri. Meru, kisha mteremko wa Isiolo ambapo baridi inakatika kama uliyefungua mlango wa jiko. Kutoka Isiolo ni lami laini ya kwenda Moyale, Archer's Post, Merille, mpaka Laisamis. Mjomba, ambaye ujana wake alikumbuka lori zikimaliza siku nzima kwenye mawe hayo, alikuwa akitikisa kichwa peke yake. Tulilala Laisamis kwa sababu huku hakuna kuendesha usiku. Wauliza madereva wa lori kuhusu usalama wa mbele, wakisema subiri, unasubiri.

Laisamis unaiacha lami unakata kushoto. Kuna kilomita 208 za changarawe zilizotengenezwa na mradi wa umeme wa upepo ili malori yabebe mapangaboi. Sehemu nyingine barabara imejikunja kama bati la nyumba, na Nissan ilitetemeka mpaka sufuria zikaanza kuongea. Panchari moja, shilingi 600. Ramani niliyotumia ni ya OpenStreetMap, iliyopakuliwa nyumbani kwa Wi-Fi. Wengi bado wanafikiri GPS inahitaji bando. Haihitaji. Simu inapokea mawimbi ya setilaiti hata mahali ambapo mtandao haujawahi kukanyaga, ilmradi ramani yenyewe imo ndani ya simu.

Halafu Sarima. Unapanda kilima, ghafla yamejaa mbele yako: mitambo 365, kila mmoja wa kilowati 850, jumla megawati 310. Nilisimamisha gari, yaani nilimwomba mjomba asimamishe, nikakaa hapo nikitazama. Upepo hubanwa kati ya milima ya hapa ukashika kasi, ndiyo sababu wakachagua hapa. Umeme unakwenda Suswa kwa nyaya za zaidi ya kilomita 400, zilizounganishwa 2018, na rais akazindua mradi Julai 2019. Nyaya zinapita juu ya nyumba ambazo jioni zinawasha tochi. Binamu alipiga hiyo picha: nguzo, na chini yake mama anapuliza moto. Kuhusu ardhi yenyewe, mahakama ya mazingira na ardhi ya Meru, mji ule ule tuliotoka kuupita jana yake, iliamua Oktoba 2021 kwamba hatimiliki zilipatikana bila kufuata utaratibu. Kesi haikuishia hapo, na mimi si wakili, ila nilipokuwa chini ya yale mapangaboi nikihesabu wati-saa zangu 600 nilijisikia vibaya kidogo.

Kisha mawe meusi, mawe meusi, mawe meusi, na ziwa. Rangi yake huwezi kuamini. Ndilo ziwa kubwa kuliko yote duniani lililo jangwani na lisilokauka.

Loiyangalani ni mji mdogo wenye chemchemi na mikoma, na jina lake kwa Kisamburu maana yake ni mahali penye miti mingi. Tuliegesha kwenye kambi moja, 500 kwa kila mtu kwa usiku, tukaenda kwanza kwa chifu kuomba ruhusa, kisha kwa waandalizi wa tamasha. Wote walikubali, kwa sharti kwamba tusianze mpaka ngoma za jioni zimalizike. Chifu aliuliza swali moja tu: "Ni filamu ya dini au ya siasa?" Mjomba akajibu, "Ni ya miraa." Chifu akacheka sana.

Sinema si ngeni hapa, lazima niseme. Mwaka 2004 walikuja Fernando Meirelles na kikosi chake kupiga The Constant Gardener, iliyotoka 2005 na kumpa Rachel Weisz Oscar. Mzee mmoja aliyekuja kuchaji simu kwetu alituambia alikuwamo, alikimbia mbele ya kamera mara nyingi mpaka viatu vikakatika. Katika ile filamu Loiyangalani inaigiza Sudan. "Siku hizo tulikuwa Sudan," akasema, "wakatulipa, tukarudi Kenya." Nikamuuliza aliionaje filamu yenyewe. Hajawahi kuiona.

Hilo jibu lilibadilisha mpango wetu. Usiku wa kwanza hatukuonyesha kitu cha Mikinduri. Binamu alizunguka mchana kutwa akiomba ruhusa na kupiga picha: ngoma, watoto, wanawake wa El Molo wakitengeneza samaki, yule mzee akisimulia mbio zake. Saa kumi na moja jioni alikuwa ndani ya Nissan, milango imefungwa kuzuia vumbi, joto la kukaanga yai, akihariri. Saa tatu usiku tukawasha. Walianza kama ishirini. Mtu wa kwanza alipojiona ubavuni mwa gari alipiga kelele, na kelele hiyo ikawaleta wengine sitini. Tulirudia ile video ya dakika tisa mara nne. Yule mzee alijitazama mara zote nne bila kucheka wala kusema neno, mkono mdomoni.

Na hapo ndipo Raspberry Pi ilipofanya kazi. Nilikuwa nimeiweka itoe Wi-Fi yake yenyewe, bila intaneti. Unajiunga, unaandika anwani fupi, unapata ukurasa wenye video, unapakua bure. Kwa wenye simu za mulika mwizi tuliweka faili ndogo kabisa kwenye memori kadi. Waliochukua nakala niliwahesabu kwenye kumbukumbu za seva: simu 71 kwa siku mbili. Nimewahi kuandika programu za ofisi zenye watumiaji wengi kuliko hao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunishika mkono akanishukuru.

Usiku wa pili tukaonyesha ya binamu.

Inaanza na mjomba akipanda mti wa mbaine, ile miti ya zamani iliyopandwa na mababu, kabla jua halijatoka. Anachuma, anafunga kwa majani ya migomba. Anasimulia 2014, jinsi bei ilivyoanguka kwa wiki moja. Anasema amesomesha watoto watano kwa mti. Watu walitazama kwa utulivu. Nyuma nilisikia kijana akimuuliza mwenzake kwa mshangao, "Kumbe ni mti?" Maana hapa miraa inafika ikiwa imeshafungwa, na wanaoitafuna kila siku hawajawahi kuona inakotoka.

Ilipokwisha, mama mmoja akasimama. Hakupaza sauti. Akasema, "Huyu mzee ni mtu mzuri, nimeona. Lakini amesema amesomesha watoto kwa mti huu. Pesa ilitoka wapi? Ilitoka kwa nyumba yangu. Mzee wangu anauza mbuzi, anakula majani. Watoto wangu wako hapa, waulize wako darasa la ngapi."

Kimya. Upepo tu.

Mjomba alikuwa amesimama kando ya tairi la mbele. Niliona anatafuta neno. Mwishowe akasema, "Mama, mimi sijui bwana yako." Yule mama akajibu, "Na yeye hakujui. Lakini mnajuana." Watu wengine wakacheka, wengine wakaanza kubishana, vijana wakisema miraa ni kazi kama kazi nyingine, kwamba hata hapa kuna wanawake wanaoiuza na kulisha watoto nayo, jambo ambalo ni kweli na tuliliona sokoni. Mjadala ulikwenda mpaka betri ikaanza kulia. Saa tano na dakika kumi, kama mnataka kujua.

Kwa maoni yangu lile ndilo onyesho bora la filamu nililowahi kuhudhuria. Nairobi watu wangepiga makofi wakaenda zao.

Asubuhi binamu alimtafuta yule mama. Alimkuta, akamwomba aseme tena mbele ya simu, na mama akakubali kwa sharti uso wake usionekane. Akarekodi mikono yake ikishona ushanga, sauti ikisema yale yale. Dakika tatu. Kutoka Loiyangalani mpaka Sarima mjomba hakusema kitu. Kutoka Sarima mpaka Laisamis walibishana, na mimi nimekaa katikati nikijifanya naangalia ramani. Yeye anasema ile ni filamu ya miti yake na mtu hawezi kuja kwa dakika tatu kuivunja. Binti anasema haikuvunjwa. "Baba, wewe ulisema dakika 14. Yeye tatu tu." Mjomba akasema, "Hizo tatu ndizo watu watakumbuka." Nafikiri wote wawili walikuwa sahihi, lakini sikuulizwa.

Hesabu kamili kwa wale wa bajeti: dizeli 19,600, kwa kilomita elfu moja na kidogo kwenda na kurudi. Chakula 5,400, zaidi githeri tuliyobeba kavu na kupika kwa mtungi wa gesi wa kilo 6, na samaki wa huko. Kambi usiku tatu 4,500. Mbao na rangi 5,000. Panchari 600. Ni 11,700 kwa kila mtu, bila projekta ambayo bado ninayo. Bei ya chini kabisa niliyotajiwa ya safari ya kawaida ya watalii ilikuwa 68,000 kwa mtu mmoja. Ukienda, beba maji lita 60 na magurudumu mawili ya akiba, na ufunge laptopu ndani ya mfuko wa plastiki hata ikiwa imezimwa, kwa sababu lile vumbi ni jembamba kama unga wa mtoto.

Nissan ilichukuliwa na yule mtu wa Maua wiki iliyofuata. Karo imelipwa. Filamu sasa ina dakika 17, na mjomba, ambaye ameonyesha ile ya 14 kwa kila mgeni anayefika nyumbani, bado hajaitazama.